Kukatwa kwa Kingo na Ukubwa wa Che: Picha ya Korda ya 1960

Tarehe 5 Machi 1960, jijini Havana, Alberto Korda alimpiga picha Ernesto Che Guevara katika hafla ya kuwaomboleza waliouawa siku iliyotangulia, meli ya La Coubre ilipolipuka bandarini. Fremu kamili ya filamu yake ni ya mlalo. Kushoto unaonekana uso wa mtu mwingine, kwa upande. Kulia yameingia majani ya mti wa jamii ya mnazi. Humo Che ni mmoja wa waombolezaji, na jirani yake pamoja na mti ule humpa mtazamaji kipimo cha mwili wake.

Korda alipozikata pande zote mbili, mlalo uligeuka wima na kipimo kikatoweka. Kichwa, kilichopigwa kutoka chini kidogo, hakikuwa tena na cha kulinganishwa nacho isipokuwa anga tupu. Kikawa kikubwa kadiri mtazamaji atakavyo. Hudaiwa kwamba ukataji huo uliondoa vikwazo vya jicho tu. Mwandishi haafiki. Macho ambayo leo husomwa kuwa yanatazama mustakabali yalikuwa mbele ya umati wa wafiwa, na fremu iliyokatwa haina dalili yoyote ya msiba.

Gazeti la Revolución halikuitumia picha hiyo katika habari za maombolezo. Ilitundikwa ukutani mwa Korda hadi mwaka 1967, mchapishaji wa Italia, Giangiacomo Feltrinelli, alipopewa nakala zake, zikiwa tayari zimekatwa.