Walinzi wa Homa ya Mafua

Wahenga walisema: Dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima ayaonaye mawingu huanua nafaka yake mapema. Asiyetazama juu, mali yake hulowa. Leo nataka kuwaelezeni habari za watu waliojifunza kuyatazama mawingu ya maradhi, yaani homa ya mafua, na jinsi elimu hiyo ilivyopatikana kwa taabu.

Mwaka wa 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa yakaribia kwisha, homa ya mafua iliizunguka dunia nzima. Ilisafiri pamoja na askari na mabaharia, ikashuka katika kila bandari. Mombasa iliingia mwezi wa Septemba, kisha ikapanda bara. Ajabu yake ni kwamba iliua hata vijana wenye nguvu. Wataalamu hukadiria kwamba waliokufa duniani huenda walifika milioni 50. Wala hapakuwa na mtu wa kupiga mbiu. Serikali zilizokuwa vitani zilizuia magazeti yasiandike habari mbaya. Hispania, isiyokuwa vitani, iliandika waziwazi, na kwa sababu hiyo ikasingiziwa kuwa ndiyo asili ya maradhi hayo.

Tena adui mwenyewe hakujulikana. Tangu mwaka wa 1892 madaktari wengi walidhani kwamba homa hii huletwa na bakteria fulani. Ndipo mwaka wa 1933, huko London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walipoupata ukweli. Andrewes alishikwa na mafua. Wakayachukua maji aliyosukutulia koo, wakayachuja hata bakteria zote zikabaki nyuma, wakayatia puani mwa wanyama wadogo wa Ulaya wanaofanana na kicheche. Wanyama wale wakapata homa, wakapiga chafya. Basi ikajulikana kwamba adui ni kirusi, kitu kidogo mno kupita bakteria.

Baada ya kumjua adui, chanjo ilitengenezwa. Lakini mwaka wa 1947 chanjo hiyo haikufaa huko Marekani, kwa kuwa kirusi kilikuwa kimebadilika, mfano wa mwizi abadilishaye kanzu ili mlinzi asimtambue. Hapo watu walifahamu kwamba hapana budi kumchunguza mwizi huyu kila mwaka na kila mahali. Basi kikaanzishwa kituo cha dunia huko London, na mwaka wa 1952 Shirika la Afya Duniani likaviunga vituo vya nchi mbalimbali kuwa kama mnyororo mmoja.

Je, mnyororo huo ulikuwa kamili? La. Mwanzo wa mwaka wa 1957 kirusi kipya kilizuka nchini China. Wakati ule China haikuwamo katika ushirika huo, na habari zilichelewa kutoka. Mwezi wa Aprili, daktari mmoja wa Marekani, Maurice Hilleman, alisoma gazetini kwamba huko Hong Kong wagonjwa walikuwa wamejipanga kwa wingi mbele ya zahanati. Akaomba aletewe kirusi kile, akakilinganisha na damu za watu wengi, akaona kwamba karibu wote hawana kinga nacho isipokuwa wazee wachache sana. Akawahimiza watengenezaji wa chanjo, hata akawaonya wafugaji wasichinje majogoo, maana chanjo hukuzwa katika mayai ya kuku yenye mbegu. Kwa bidii hiyo chanjo kadiri ya milioni 40 zilipatikana Marekani mwaka ule ule. Hata hivyo, watu milioni moja au zaidi walikufa duniani. Fikirini: kama si gazeti lile, wangalikuwa wangapi?

Siku hizi mnyororo huo una vituo katika nchi zaidi ya 120, na miongoni mwake vimo vya Nairobi na Entebbe. Kazi yake ni hii. Mgonjwa mwenye homa na kikohozi hufika zahanati. Mganga huingiza kijiti chenye pamba puani mwake, akakitia katika chupa, ikapelekwa maabara katika baridi. Virusi vilivyo vigeni hupelekwa katika vituo vikuu. Katika nchi za kaskazini homa hii huvuma wakati wa baridi, kati ya Novemba na Machi. Katika nchi za kusini, kati ya Mei na Septemba. Kwetu penye jua huweza kuonekana mwaka mzima. Kwa hiyo wataalamu hukutana mara mbili kila mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini na Septemba kwa ajili ya kusini, wakachagua virusi vya kutengenezea chanjo. Huchagua mapema kwa kuwa kuitengeneza huchukua kadiri ya miezi sita.

Basi, wasikilizaji, mnyororo huo haukuanzia London wala Geneva. Pete yake ya kwanza ni mgonjwa mmoja katika zahanati ya kijijini. Mwaka wa 1957 pete moja ilikosekana, na dunia ikapoteza miezi. Mganga akikuomba ruhusa ya kukuchunguza pua, usidhani anakusumbua bure. Huenda wingu la kwanza litaonekana kwako.