Chumvi, Bati na Mashauri ya Barazani: Magari ya Kifahari ya Unguja

Ukitaka kununua gari kuukuu Unguja, usianze na injini. Injini ina ulimi mtamu: mwenye kuuza ameshabadilisha oili, amesafisha plagi, na ameiwasha mapema ili uikute imepata moto. Piga magoti. Chukua bisibisi, igeuze, na kwa upande wa mpini gonga polepole bati la chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililoliwa na kutu hutoa sauti iliyofifia, na palipojazwa puti hapalii kabisa. Kisha inua zulia la miguuni pa dereva, tia mkono chini yake. Pakiwa pabichi na mvua haijanyesha siku tatu, mshukuru mwenye gari, muage, uende zako.

Shauri hilo halina mwandishi. Limepita kutoka mwenye gari mmoja kwa mwenziwe, barazani na chini ya miembe ya gereji bubu, tangu enzi ya magari ya Kiingereza, na bado linafaa kwa Toyota Crown iliyoteremshwa bandarini mwaka jana. Historia ya magari ya kifahari katika kisiwa hiki kwa sehemu kubwa ni historia ya mashauri ya namna hiyo. Pesa zilinunua gari, lakini aliyelifanya lidumu miaka 40 alikuwa mtu wa kumuuliza.

Kwanza tuelewe adui. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na upana wake haufiki 40. Anayetoka mjini asubuhi hufika Nungwi au Makunduchi kabla jua halijakaza. Gari lililokuwa likipiga safari za Nairobi na Kampala lilichakaa kwa kilomita. La Unguja linaweza kuzeeka hali injini yake ingali kijana. Kinachoondoka ni bati. Chumvi inayopeperuka kutoka baharini hutua juu ya chuma na kuvuta unyevu wa hewa, na chuma kinacholala kibichi kila usiku hakihitaji mvua ili kishike kutu.

Mji Mkongwe wenyewe ulizidisha balaa. Vichochoro vyake vilipimwa kwa mtu, punda na mkokoteni. Tajiri aliyekuwa na nyumba ya ghorofa tatu na mlango wa kuchonga alikuwa hana pa kuliingiza gari lake. Lililala nje, Vuga, Mnazi Mmoja au ukingoni mwa bahari, na upande wa Mizingani maji yakijaa wakati wa upepo mkali huruka ukuta. Magari ya gharama kubwa kuliko yote kisiwani ndiyo yaliyolala pahala pabaya kuliko pote.

Magari yalishika njia za Unguja katika utawala mrefu wa Sayyid Khalifa bin Harub, aliyekaa katika kiti cha usultani tangu 1911 hadi 1960. Reli ya Bububu, iliyoanza kazi 1905, iliacha kuchukua abiria mwanzoni mwa miaka ya 1920. Barabara zilikuwa zimeshaishinda. Kufikia miaka ya 1950 mtu angeweza kusoma cheo cha mwenziwe kwa kutazama boneti. Karani na mwalimu, wakijaliwa, Morris Minor. Wakubwa wa serikali na wafanyabiashara wa karafuu, magari mapana ya silinda sita.

Katika hayo mapana, Ford Zephyr ina nafasi yake. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilipokuwa makumbusho, wageni waliingia wakakuta mtepe, jahazi la mbao lililounganishwa kwa kamba, na hapohapo Zephyr ya Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Wengi walipiga picha mtepe. Nadhani Zephyr ilistahili dakika zaidi. Gari hilo liliundwa Dagenham, Uingereza, kati ya 1950 na 1972, na jina lake lilivuma Afrika Mashariki baada ya Vic Preston na D.P. Marwaha kushinda nalo mbio za magari za Safari mwaka 1955. Mbio hizo hazikufika Unguja, lakini sifa haihitaji meli.

Ubora wa Zephyr ndio uliokuwa udhaifu wake huku pwani. Magari mengi ya kabla yake yaliwekwa bodi juu ya chasisi: bati likioza, chasisi ingali imebeba. Zephyr haikuwa na chasisi ya pekee. Bodi lenyewe ndilo lililobeba kila kitu. Tena gari hilo lilikuwa miongoni mwa magari ya mwanzo duniani kutumia shokapu ndefu za kusimama wima, ambazo vichwa vyake hufungwa kwenye bati la juu ya gurudumu la mbele. Matope na chumvi hujikusanya hasa hapo, kwa chini, mahali pasipoonekana. Bati likiliwa, shokapu hupanda na kusukuma boneti kutoka ndani. Ndiyo maana fundi wa zamani alifungua boneti la Zephyr kisha akaiacha injini, akapapasa pembe mbili za juu kwa kidole gumba. Nyufa kwenye rangi mahali hapo zilimwambia zaidi kuliko mlio wa injini.

Kisha ikaja Januari 1964. Baada ya Mapinduzi wenye magari wengi waliondoka, na mali nyingi zikachukuliwa na serikali. Biashara ya kuingiza bidhaa ikawa mikononi mwa dola, na fedha za kigeni za karafuu hazikutumiwa kuwanunulia watu binafsi magari. Kwa takriban miaka 20 kisiwa kiliishi na magari kilichokuwa nayo, pamoja na machache yaliyoletwa kwa kazi za serikali. Ukivunjikiwa na kipuri, duka la kukimbilia hakuna.

Hapo ndipo mashauri yalipokuwa mali. Gesketi ilikatwa kwenye karatasi ngumu, ikapakwa grisi. Bushi zilichongwa kutoka mpira wa tairi bovu. Gari likawa gumu kidogo, lakini likatembea. Kwa rejeta, wazee walisisitiza maji ya mvua ya masika yaliyokingwa kwenye pipa safi, kwa sababu visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi ndani ya injini yenye silinda hedi ya aluminiamu hutafuna kimyakimya hadi gari lianze kuchemsha. Shauri jingine halikuwa na mjadala: usitie oili ya injini kwenye breki hata ukikwama porini, kwani mipira ya breki huvimba, na ukishuka Kinyasini utajua.

Peugeot 404 ilipendwa kwa sababu inayoeleweka. Silinda zake ni slivu zinazochomolewa. Injini ikichoka, fundi hutoa slivu na pistoni za zamani, akaweka nyingine, bila kupeleka bloku kuchongwa kwenye mashine. Gari hilo lilishinda Safari 1963, na tena mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Lakini katika mji usio na karakana kubwa ya kuchonga, slivu ilikuwa na thamani kuliko kombe.

Kuna shauri moja la miaka hiyo ambalo silikubali lote. Ni lile la kupaka oili chafu chini ya gari. Ni kweli kwamba oili huzuia chumvi isiguse chuma, na wapo waliofika mbali kwa njia hiyo. Lakini oili hulainisha na kuvimbisha mipira ya kusimamishia injini na bushi za mikono ya gurudumu, hivyo anayeokoa bati huua mpira. Waliokuwa waangalifu walifunika bushi kwa matambara kwanza, au walipaka grisi kwa mkono, mshono kwa mshono. Na kabla ya yote waliosha chini ya gari kwa maji baridi. Wengi wetu bado tunaosha juu tu, tunapopaonea fahari.

Mercedes ilikuwa habari nyingine. Ile iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, ambayo kiwandani ikiitwa W123, iliuzwa kama milioni 2.7 duniani, na Ghuba ilijaa. Hilo lilikuwa na maana kwa Unguja, kwa kuwa Wazanzibari wengi walikuwa wamehamia huko, hasa Oman baada ya 1970. Jamaa akija likizoni, kwenye sanduku lake baina ya kanzu na halua kulikuwa na nozeli, chujio la dizeli, au seti ya gesketi. Mwagizaji mwerevu aliandika namba ya kipuri kwenye karatasi, na alijua kisichoagizwa: huko usukani uko kushoto, hivyo vyuma vya usukani vya gari la Maskati havikuingia kwenye la Zanzibar.

Mercedes hiyo, ikiwa ya dizeli, ina ugonjwa mmoja uliowatia watu kiwewe. Unazima ufunguo, unauchomoa, unashuka, na injini inaendelea kunguruma. Asiyejua hurudi nyuma hatua mbili na kusoma Ayatul Kursiy. Sababu ni ya kawaida kabisa. Dizeli haiwashwi kwa plagi, hivyo kukata umeme hakuizimi. Lazima ikatiwe mafuta. Mercedes ilikabidhi kazi hiyo kwa mvuto wa hewa: pampu ya vakyumu iliyofungwa kwenye injini hufyonza, na mvuto huo hupita kwenye vijibomba vyembamba hadi kwenye ufunguo, kisha hadi kwenye pampu ya dizeli kuifunga. Vijibomba vingine vya mfumo huohuo huenda milangoni kuendesha loki. Kimpira kidogo ndani ya mlango wa nyuma kikipasuka, mvuto huvuja, na injini haizimiki.

Shauri lina sehemu mbili. Ya haraka: fungua boneti, tafuta mkono mdogo kwenye injini ulioandikwa STOP, ubonyeze mpaka injini ife. Ya kudumu: ziba kijibomba kiendacho milangoni, kisha jaribu ufunguo. Injini ikizimika, ubovu uko kwenye milango, uutafute mmoja mmoja. Isipozimika, rudi kwenye ufunguo na pampu. Utambuzi wa namna hii, bila chombo chochote, ulikuwa ndio shule. Nimeshuhudia mwenye duka la vitambaa, ambaye hajawahi kushika spana kwa riziki, akimweleza kijana makanika mpango huo kwa mdomo, na kijana akaukuta ubovu kwenye mlango wa nyuma wa kushoto kabla ya adhana ya alasiri.

Wenzetu wa Nairobi waliyapa mapenzi ya magari sura ya mashindano. Tangu 1970 klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo huandaa maonyesho ya magari, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na waamuzi hukagua mpaka chini ya gari. Hali ya hewa ya nyanda za juu huwasaidia. Gari lililohifadhiwa Nairobi miaka 30 na lililohifadhiwa Malindi ya Unguja kwa muda huohuo hayawezi kuhukumiwa kwa karatasi moja, na sioni ajabu kwamba Unguja ilibaki na baraza badala ya vikombe.

Mlango wa biashara ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi visiwani, mambo yaligeuka upesi. Kwanza zikaja bidhaa za Dubai, kisha meli za magari yaliyotumika Japani. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, kwa gharama inayomfanya mwenyewe aone bora aliuze. Nalo lina usukani wa kulia kama letu. Toyota Mark II na Crown zikawa ndizo fahari mpya. Mercedes na Peugeot nyingi zikaanza kusimama uani.

Ndipo ukazuka ubishi ambao haujesha: kutia injini ya Kijapani ndani ya gari la Kizungu. Wapo wasemao gari ni la kutembea, na spea za Toyota zinauzwa kila pembe ya Darajani. Wengine huona ni kulivua gari heshima yake. Mimi niko upande wa hao wa pili, kwa sababu isiyo ya heshima: injini isiyo ya gari huleta uzito tofauti mbele, mikono ya kushikia inayochomelewa kwa kukisia, na waya zisizolingana na mchoro wowote. Mwenye gari anayefuata hana wa kumuuliza, kwani gari hilo limekuwa la namna yake peke yake duniani.

Kuchomelea nako kulipata mtihani wake. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu. Mashine za kuchomelea zilisimama isipokuwa kwa mwenye jenereta, na waliokuwa bado na mitungi ya gesi, wazee wa zamani, wakapangiwa foleni na wateja.

Leo fahari ya vijana ni Crown Athlete ya toleo la 2003 hadi 2008: silinda sita, dizaini ya kutisha, na skrini inayozungumza Kijapani ambacho dereva hakijui. Injini zake nyingi hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya nguvu kubwa, kwa hiyo mafuta machafu ya kidumu, ambayo Morris Minor iliyameza bila kulalamika, huziba nozeli zake. Gari hili halifichui siri kwa mlio; linapimwa kwa mashine. Na mashine ikichomekwa mara nyingi hutoa hitilafu nne au tano kwa mpigo, na kijana aliyekopa pesa ya gari huorodheshewa sensa za kuagiza.

Wenye magari waliokwishaungua wana jibu moja wanalolipitisha sasa. Sensa tano hazifi siku moja. Kabla ya kuagiza chochote, fuata waya wa athi kutoka kwenye betri hadi unapofungwa kwenye bodi, fungua nati, utazame chini yake. Katika gari linalolala nje Unguja utakuta unga mweupe au wa kijani uliokatiza umeme. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu, kisha pima tena. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na msasa wenyewe bei yake haifiki kikombe cha kahawa.