Rizimu Haikutajwa

Wasifu wa baba mkubwa niliuandika mimi. Kila ukoo una mtu ambaye msiba ukitokea anapewa kalamu, na kwetu mtu huyo ni mimi, kwa sababu nilisoma historia chuo kikuu na wazee wanaamini aliyesoma historia hawezi kukosea tarehe. Usiku ule tulikaa sebuleni, shangazi na baba mdogo wakinitajia, mimi nikiandika: alizaliwa 1951, alibatizwa, alisoma mpaka darasa la nane, alifanya kazi ya kutunza stoo miaka 31, ameacha mjane, watoto 5 na wajukuu 11. Nilipouliza kuhusu gitaa, shangazi alinikatiza.

"Hayo ya ujana yaache, mwanangu. Padri atakuwepo."

Nikayaacha. Kesho yake wasifu ulisomwa kwa dakika nne, watu wakaitikia kwa vichwa, tukaenda kuzika.

Usiku wa matanga, chini ya turubai, mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona aliniita. Alikuwa amekaa karibu na moto, koti limefungwa vifungo vyote, kikombe cha kahawa mkononi.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Umeandika vizuri. Ila huyo uliyemwandika mimi simjui."

Akatoa simu ndogo ya batani, akapunguza sauti ili wanawake waliokuwa wakisali rozari ndani wasisikie, akabonyeza. Ulikuwa wimbo wa Morogoro Jazz. "Unamsikia nani hapo?" Nikajibu kwa haraka ya mtu anayejua: Mbaraka Mwinshehe. "Na nani mwingine?" Nikasikiliza. Nikasema kuna wapulizaji, kuna besi, kuna ngoma. Akatikisa kichwa. "Kuna gitaa jingine chini ya lile la Mbaraka. Halipandi wala halishuki, linazunguka tu. Hiyo ndiyo rizimu. Ukiona rizimu inasikika kuliko solo, ujue kuna aliyekosea. Baba yako mkubwa alikuwa mtu wa rizimu. Mimi nilikuwa tumba. Tulikuwa wanane. Leo nimebaki peke yangu."

Bendi yao ilikuwa ya vijana wa mtaani Morogoro. Haikuwahi kuingia studio. Nayo, kama nyingine nyingi za wakati huo, ilijiita Jazz.

Nilipokuwa chuoni nililiona neno hilo kama kosa la kuchekesha. Muziki wa Morogoro haukufanana na ule wa New Orleans, na wanaoupenda Louis Armstrong wangeshangaa kuusikia ukiitwa hivyo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hapa kwetu neno hilo lilikuwa na kazi yake. Dar es Salaam Jazz Band, ambayo kuanzishwa kwake hutajwa kuwa mwaka 1932, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulibeba. Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944. Zikaja Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, kisha Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga. Ng'ambo ya ziwa, kule Kongo, kulikuwa na African Jazz na OK Jazz. Jazz maana yake ilikuwa bendi ya dansi: magitaa, ngoma, tarumbeta na saksafoni, vijana waliovaa sare, na watu waliolipa kiingilio ili wacheze. Rumba ya Kuba iliyokuja kwa sahani za santuri ilikuwa mwalimu wao mkubwa. Neno Jazz lilisema kwamba hawa ni watu wa mjini na wa kisasa, hata kama mji wenyewe ulikuwa na barabara moja ya lami.

Morogoro ilikuwa mji wa aina hiyo, na bado ilitoa vigogo wawili. Wa kwanza ni Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyezaliwa 1928, mtu ambaye nyimbo zake zilirekodiwa na kampuni ya Assanand ya Mombasa na kusikika Afrika Mashariki nzima. Wa pili ni Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa 1944, ambaye kwa gitaa lake aliipeleka Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, kisha mwaka 1973 akaondoka na kuunda Super Volcano.

Wote wawili waliuawa na barabara. Salum alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa na miaka 37. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 12, 1979, akiwa na miaka 34. Zamani nilizisoma habari hizo kama bahati mbaya mbili. Sasa nikizitazama naona kazi yenyewe ilivyokuwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Aliyetaka sahani alifunga safari kwenda Kenya. Bendi iliishi kwa kiingilio cha mlangoni, na mlango mmoja hautoshi kulisha watu kumi, kwa hiyo wikiendi hii wako Dodoma, ijayo wako Tanga, vyombo juu ya gari na wanamuziki juu ya vyombo, wakirudi usiku baada ya kupiga mpaka majogoo. Mzee wa tumba aliniambia kwamba wao walikuwa wakiogopa barabara kuliko njaa.

Baada ya Salum kufa, Juma Kilaza aliiongoza Cuban Marimba, na bendi ikaendelea. Hapo pana jambo la pekee kuhusu bendi zetu: bendi haifi pamoja na mtu. Mfano mkubwa ni NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, jambo lililoonewa wivu na wengi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Muhidin Maalim Gurumo alikuwa mmoja wa waliokuwepo mwanzo. Aliondoka 1978 kwenda kuijenga Mlimani Park, wana Sikinde, akapita Safari Sound, akarudi Msondo, akastaafu 2013 na kufariki Aprili 2014. TX Moshi William alikuwa ametangulia 2006. Shaaban Dede, aliyezunguka kati ya Msondo, Sikinde na Bima Lee kama mtu anayetembelea ndugu, alifuata Julai 2017. Watu walilia, wakazika, na bendi ikapanda jukwaani.

Ninaipenda nguvu hiyo, lakini ina gharama. Gitaa lilikuwa mali ya chama, ya jeshi, ya shirika la umma au ya tajiri mwenye bendi. Ukiacha kazi unaacha na gitaa. Mkanda wa kurekodia ulikuwa mali ya Radio Tanzania, ambayo ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya tunachokiita leo zilipendwa. Jina la bendi lilikuwa mali ya mwajiri, na mara nyingi jina la mtindo nalo lilibaki nyumbani. Mwanamuziki alichoweza kuondoka nacho ni koo na vidole. Siku vinapozikwa, kilichobaki hakina anwani yake.

Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alizaliwa 1955 na kufariki Machi 1995, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 40. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayoijua ilitungwa 1999, miaka minne baada ya kumzika. Nyimbo zake bado zinapigwa kwenye daladala, kwenye harusi, kwenye simu za watu waliozaliwa baada ya kifo chake, mimi nikiwa mmojawao. Na huyo ni Marijani, mwimbaji, mtu wa mbele, ambaye angalau jina lake tunalijua. Aliyempigia rizimu ni nani? Nilijiuliza swali hilo nikiwa nyumbani, baada ya matanga, na nikaona aibu kwa kuwa nimeujua wimbo wa "Zuwena" tangu utotoni na sikuwahi kuuliza.

Tunaomboleza watu wa mbele. King Kikii alipofariki Novemba 2024, kila mtu aliyewahi kupunga leso kwenye "Kitambaa Cheupe" alijua nani ameondoka. Ni haki yake kabisa. Lakini dansi si muziki wa mtu mmoja. Ni watu kumi waliokubaliana kila mmoja apige kidogo, na huo udogo ukiunganishwa ndio unaotufanya tusimame. Mtu wa rizimu ambaye miaka ishirini alikubali asisikike anapokufa, wasifu wake unasema alikuwa mtunza stoo.

Nilirudi kwa yule mzee wiki ya tatu. Nilikwenda na simu yangu yenye nyimbo nyingi na daftari, kama mtafiti. Hakulijali daftari. Aliniambia nisikilize mwisho wa nyimbo, kwenye chemko, pale maneno yanapokwisha, magitaa yanapokimbia na wachezaji wanapoacha kujifanya wastaarabu. "Hapo wanaitana," alisema.

Kweli, wanaitana. Nilikuwa nimezisikia kelele hizo maisha yangu yote na kuzihesabu kuwa shangwe. Mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina lake la utani, humsifu mpulizaji, hutaja mtu wa tumba, hutaja mji anakotoka, hutaja mtindo wa bendi: Saboso, Sululu, Msondo, Sikinde, Segere Matata. Mtangazaji wa redio alisoma jina la bendi na la wimbo, basi. Jalada la sahani, kama lilikuwepo, liliandika kiongozi. Wanamuziki wakajua hilo, wakaingiza majina yao mahali ambapo hakuna wa kuyafuta bila kuharibu wimbo.

Tulisikiliza saa mbili. Mara nyingine alisimamisha wimbo na kusema jina kamili la mtu ambaye kwenye mkanda ameitwa kwa utani tu, na alizaliwa wapi, na alioa kwa nani. Mara nyingine jina lilipitwa akasema, "Huyu nilimjua, ngoja," akafumba macho, na jina halikuja. Tukaendelea na wimbo mwingine. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba maadamu kanda ziko maktaba, muziki umehifadhiwa. Lakini kanda inahifadhi jina la utani, na anayejua jina hilo ni la nani ni mzee wa miaka 75 mwenye koti lililofungwa vifungo vyote. Kila msiba wa wazee hawa unaondoa mtu mmoja anayeweza kusikia wimbo na kusema: huyo ni fulani.

Nilimuuliza iwapo bendi yao iliitana hivyo. Akacheka. "Kila Jumamosi. Baba yako mkubwa alikuwa akiitwa, anainamisha kichwa kama mwali."

Hakuna mkanda wa Jumamosi hizo. Kwa misa ya arobaini niliomba nisome wasifu upya. Niliongeza sentensi moja tu, kati ya shule na stoo: kuanzia mwaka 1972 alipiga gitaa la rizimu katika bendi ya dansi hapa Morogoro, pamoja na wenzake saba, ambao niliwataja wote, kwa majina mzee aliyonipa. Jina la baba mkubwa siliandiki hapa kwa sababu mjane wake ameniomba lisitoke nje ya ukoo, nami nimekubali. Kwetu limetajwa, na hilo ndilo deni nililokuwa nalo.

Padri alikuwepo. Alitabasamu, hakusema neno. Mzee wa tumba alikuwa benchi la nyuma, na jina lake liliposomwa aliinamisha kichwa.

Tulipotoka shangazi alinishika mkono, akanivuta pembeni karibu na mti. Nikajiandaa kugombezwa.

"Umekosea tarehe," alisema. "Si sabini na mbili. Ni sabini na moja, Saba Saba. Nilitoroka nyumbani nikaenda kuwaona."