Mary Sumner na Miaka 150 ya Umoja wa Akina Mama

Mwaka 2026 Mothers' Union, ambao wengi wetu katika makanisa ya Kianglikana ya Afrika Mashariki tunauita Umoja wa Akina Mama, unatimiza miaka 150. Una wanachama takriban milioni 4 katika nchi zaidi ya 80, na sehemu kubwa yao wako Afrika na India. Kila tarehe 25 Machi, sikukuu ya Mariamu kupashwa habari na malaika, wanachama hukusanyika duniani kote kumshukuru Mungu kwa kazi yao. Yafaa katika mwaka huu tumkumbuke mwanamke aliyeuanzisha, kwa sababu alikuwa mke na mama kabla ya kuwa kiongozi, na uongozi wake ulichipuka humo humo nyumbani.

Mary Elizabeth Heywood alizaliwa tarehe 31 Desemba 1828 huko Swinton, karibu na Manchester, Uingereza. Baba yake, Thomas Heywood, alitoka katika ukoo wa wenye benki na alipenda sana habari za kale. Mary alipokuwa bado mdogo, familia ilihamia Hope End, katika jimbo la Herefordshire, na huko akalelewa kwa neema: alisomeshwa nyumbani, akajifunza lugha za kigeni na uimbaji. Safari ya kwenda Roma kuendeleza masomo ya muziki ndiyo iliyomkutanisha na George Henry Sumner, mtoto wa Askofu wa Winchester. Walifunga ndoa tarehe 26 Julai 1848. Bibi harusi alikuwa na umri wa miaka 19.

Mwaka 1851 George alikabidhiwa parokia ya Old Alresford, kijiji kilicho karibu na mji wa Winchester. Mungu aliwajalia watoto watatu: Margaret, Louisa na George Heywood, ambaye baadaye alijulikana kama mchoraji na mtafiti wa mambo ya kale. Kwa miaka 25 Mary aliishi maisha ambayo wake wa wachungaji wanayafahamu vizuri. Alilea watoto, aliendesha nyumba ambayo milango yake haikufungwa kwa waumini, na akawa msaidizi wa mumewe katika huduma ya kijiji. Hakuwa na cheo chochote wala hakulipwa mshahara.

Mwaka 1876 binti yake Margaret alipata mtoto. Mary alipomwona binti yake akiwa na kichanga mikononi, alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoshtuka alipokabidhiwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa amesoma, alikuwa na watumishi, alikuwa na mume mwema; hata hivyo hakuna aliyekuwa amemwandaa kulea roho ya mtu. Kama ilikuwa hivyo kwake, je, mama wa shambani mwenye watoto sita na mume kibarua? Na yule bibi mwenye mali anayemwachia yaya kila kitu? Akaamua kuwaita wote pamoja, wenye nacho na wasio nacho, katika nyumba ya mchungaji.

Siku ya mkutano wanawake walifika, wakaketi. Mary alipowatazama, ujasiri ukamwishia kabisa. Akamwomba mumewe azungumze badala yake, naye George akasimama akazungumza. Mkutano ungeweza kufia hapo. Lakini wanawake waliombwa warudi juma lililofuata, wakarudi, na safari hiyo Mary alisema mwenyewe. Aliwaambia kwamba mama ana kazi kubwa kuliko nyingi zinazosifiwa mjini, na kwamba mtoto hufuata anachokiona kwa mzazi kabla ya kufuata anachoambiwa.

Kila aliyejiunga alipewa kadi ndogo yenye ahadi, ili aitunze nyumbani. Ahadi zenyewe zilikuwa za maisha ya kila siku: kusali na watoto, kuwafundisha kusema kweli na kutii, kutowapa pombe pasipo agizo la daktari, kutowaacha mabinti wazurure mitaani usiku. Mama yeyote angeweza kuanza kuzitimiza jioni ile ile, awe tajiri au maskini. Kadi ilikuwa moja kwa wote. Katika Uingereza ya wakati ule, ambamo bibi wa nyumba kubwa na mfuaji nguo wake hawakuketi benchi moja, jambo hilo halikuwa dogo. Wahisani wengi waliwaendea maskini ili kuwasahihisha. Mary aliona kwamba matajiri nao walihitaji kukumbushwa wajibu wao.

Kwa miaka 9 kazi hiyo ilibaki katika parokia moja. Kisha mwaka 1885 ulifanyika mkutano mkuu wa Kanisa katika mji wa Portsmouth, na Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle akatakiwa kuhutubia umati wa wanawake. Yeye aliona hana la kuwaambia, bali mwanamke mwenzao analo, akamsihi Mary asimame. Ilikuwa nadra mwanamke kuhutubia jukwaani katika shughuli ya Kanisa. Mary, aliyekuwa amenyamaza mbele ya majirani zake wa Old Alresford, alizungumza, na waliomsikia wakaenda makwao kuanzisha mikutano yao. Mwaka huo huo Askofu Harold Browne akaukubali umoja huo kuwa wa dayosisi nzima ya Winchester.

Baada ya hapo ulikua haraka. Kufikia mwaka 1892 ulikuwa na wanachama 60,000 katika dayosisi 28, na kufikia 1900 walikuwa 169,000. Yakaanzishwa majarida mawili, la kwanza mwaka 1888, na la pili mwaka 1891 chini ya mwandishi maarufu Charlotte Yonge. Mwaka 1896 Baraza Kuu liliundwa na Mary akawa rais wake, na mwaka 1897 Malkia Victoria akakubali kuwa mlezi wa chama. Wake wa wanajeshi, wa wamisionari na wa walowezi waliubeba hadi New Zealand, Kanada, India na Afrika.

Mary aliuongoza umoja hadi mwaka 1909, alipokuwa na miaka 80. Mwishoni mwa mwaka huo mumewe alifariki dunia, baada ya ndoa ya miaka 61. Yeye mwenyewe aliandika kitabu cha kumkumbuka, kikatoka mwaka 1910. Alifariki tarehe 11 Agosti 1921 akiwa na miaka 92, akazikwa katika viwanja vya Kanisa Kuu la Winchester. Makao makuu ya chama huko London, yaliyofunguliwa mwaka 1925, yanaitwa Mary Sumner House.

Historia ya taasisi haina budi kutaja pia palipoumiza. Umoja ulisimama imara kuitetea ndoa, na kwa sababu hiyo kwa miongo mingi mwanamke aliyetalikiwa hakuruhusiwa kuwa mwanachama, hata kama kosa halikuwa lake. Mama aliyeachwa na watoto, aliyeuhitaji umoja kuliko wote, ndiye aliyefungiwa mlango. Huko New Zealand suala hilo lilisababisha mgawanyiko katika miaka ya 1960, na katiba mpya ya miaka ya 1970 ndiyo iliyoufungua mlango. Leo hata wasioolewa na wanaume wanapokelewa. Mageuzi hayo yalichelewa, lakini yalikuwa ya haki, na nadhani yaliurudisha umoja kwenye benchi lile la mwaka 1876.

Upande mwingine, upo wema usiosahaulika. Umoja ulikuwa miongoni mwa waliodai umri wa ndoa upandishwe Uingereza, ambako sheria ilimruhusu msichana wa miaka 12 kuolewa. Mwaka 1929 umri huo ukawa miaka 16. Na mwaka 2000 ulianzisha mpango wa kisomo Burundi, Malawi na Sudan. Mwezeshaji ni mtu wa kujitolea kutoka kijiji hicho hicho. Kikundi huketi, hujadili tatizo linalowagusa, na kutokana na mazungumzo hayo hujifunza herufi na hesabu kwa lugha yao, kisha wengi huendelea kuweka akiba pamoja.

Katika parokia zetu tunawaona akina mama hawa kwa sare zao za buluu na nyeupe: msibani wakipika, hospitalini wakiombea wagonjwa, nyumbani kwa mzazi aliyejifungua juzi wakifua na kuchemsha uji. Mara nyingi majina yao hayaandikwi popote. Mary Sumner tunamjua kwa sababu waliomzunguka waliandika. Basi kila tawi lichukue daftari mwaka huu, liwaendee bibi zetu waliolianzisha wangali hai, liwaulize walianzaje, na liandike majina yao yote.