Picha ya marikebu ukunguni
Picha ya marikebu ukunguni ni aina ya picha ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo kwayo kilango cha kamera, ikiwa imethibiti juu ya miguu mitatu, huachwa wazi kwa sekunde nyingi au dakika kadhaa, hata mawimbi yakageuka utando laini, ilhali mbavu za chombo kilichovunjika, kwa kuwa hazisogei, husalia bayana mbele ya ukungu. Filamu hupungua wepesi wa kuhisi nuru hafifu, kwa hiyo muda huzidishwa kuliko hesabu ya kipima-mwanga. Kati ya vyombo vilivyovunjika namna hiyo, masalia mashuhuri ya Afrika Mashariki, ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa na mabaharia wake katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, yalipigwa picha mara nyingi, lakini kwa kumbukumbu za vita zaidi kuliko kwa sanaa hii.