Makaburi Yasiyo na Majina: Ukambani Kati ya Manyani na Hola

John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliteua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuelezea dhana ya wakati katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha 1969. Kwa mujibu wake, marehemu husalia katika Sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Afapo wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani. Hoja hiyo inafaa kupimwa kwa makaburi ya wafungwa wa kizuizini wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960.

Ukambani uko kati ya kambi mbili. Reli ipitayo Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, Makueni, ndiyo iliyoelekea Manyani, ambako homa ya matumbo iliua wafungwa mwaka 1954. Mashariki ya Kitui, kando ya Mto Tana, iko Hola. Huko, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa na askari hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Baadaye mahali penyewe pakabandikwa jina la Galole. Yaani ufutaji ulianzia katika lugha: kwanza sababu ya kifo, kisha jina la mahali. Jina la Hola lilirudi baada ya uhuru. Majina mengi ya waliozikwa kambini hayakurudi.

Wakamba walikuwa pande zote mbili za seng'enge. Wengine walitumikia jeshi, polisi na magereza, wengine walifungwa. Ndiku Mutua na Paulo Nzili walikuwa miongoni mwa walioishtaki Uingereza mwaka 2009. Kesi hiyo ilifichua majalada yaliyokuwa yamefichwa, na mwaka 2013 walalamishi 5,228 wakakubaliwa fidia. Mnara ulizinduliwa Nairobi mwaka 2015. Hata hivyo, mnara wa wote si kaburi la mmoja.

Huko Sandarmokh, Urusi, watafiti waliyagundua mwaka 1997 makaburi ya waliouawa enzi za Stalin, wakiongozwa na nyaraka za wauaji wenyewe. Jamaa wakatundika majina na picha mitini. Funzo ni kwamba jalada huonyesha shimo, lakini jamaa ndiye atajaye jina. Kazi ya mhakiki wa fasihi simulizi Kitui na Makueni, basi, ni kuyakusanya majina hayo, kwa jamaa za wafungwa na za askari pia, kabla Sasa ya wazee haijafungwa.