Jáchymov: Mji wa Bondeni Uliolipa Jina Dola

Katika upande wa kaskazini magharibi wa nchi ya Ucheki, karibu na mpaka wa Ujerumani, iko safu ya milima iitwayo Krušné hory. Wajerumani huiita Erzgebirge, maana yake Milima ya Madini. Kusini magharibi ya kilele chake kirefu kupita vyote, Klínovec, chenye kimo cha mita 1,244, limo bonde jembamba lenye miteremko mikali, na ndani ya bonde hilo umejengwa mji mdogo wa Jáchymov. Nyumba zake zimefuatana kando ya njia ipandayo mlimani, kwa kuwa hapana nafasi ya kuzitawanya. Majira ya baridi ni marefu, theluji ni nyingi, na ardhi haina rutuba kubwa. Wakazi wake leo hawatimii elfu tatu. Hata hivyo, ni haba miji midogo ambayo matendo yake yameenea duniani kama ya mji huu.

Mwanzo wa habari zake ni fedha. Katika mwaka 1516 sharifu mmoja wa Bohemia, Štěpán Šlik, aliweka msingi wa mji baada ya kugunduliwa kwa madini hayo bondeni. Mahali pakaitwa kwa Kijerumani Joachimsthal, yaani Bonde la Yoakimu, kwa jina la mtakatifu ambaye Wakristo humsadiki kuwa baba yake Mariamu. Wachimbaji wakamiminika kutoka kila upande. Hata ilipofika mwaka 1534 yakadiriwa kuwa mji ulikuwa na watu zaidi ya 18,000, ukawa wa pili katika Bohemia baada ya Praha.

Akina Šlik hawakuridhika kuuza fedha ghafi. Mwaka 1520 baraza la Bohemia liliwapa idhini ya kupiga sarafu, nao wakatoa sarafu kubwa na nzito, yenye sura ya Yoakimu upande mmoja na simba wa Bohemia upande wa pili. Watu waliiita Joachimsthaler, na baadaye wakalifupisha neno hilo kuwa thaler, yaani "ya bondeni". Jina likasafiri na biashara. Waholanzi walisema daalder, Waskandinavia daler, Waingereza dollar. Na mwaka 1792 sheria ya Marekani iliithibitisha dola kuwa sarafu ya taifa lile. Hata pwani ya Afrika Mashariki haikukosa sehemu yake. Thaler ya Maria Theresa, malkia wa Bohemia na Hungaria, ilipokewa Unguja katika karne ya 19, ingawa Waswahili waliizoea zaidi kwa jina la reale. Na neno dala, lililotumika kwa sarafu ya shilingi tano, ambalo husemwa kuwa ndilo lililozaa jina la daladala, ni mjukuu wa bonde lile lile.

Lakini utajiri huo ulikuwa na gharama yake, na walioilipa ni wale walioshuka mashimoni. Mwaka 1525 wachimbaji waliwaasi mabwana zao. Miaka miwili baadaye alifika tabibu wa mji, Georgius Agricola, aliyechunguza migodi, mitambo na maradhi ya wachimbaji. Kitabu chake juu ya madini, kilichotolewa mwaka 1556 baada ya kufa kwake, kilikuwa mwongozo wa wachimbaji kwa muda wa karne mbili. Humo alieleza jinsi vumbi la mgodini lilivyoharibu mapafu. Asichoweza kukijua ni kwamba hewani mlikuwa na sumu nyingine isiyoonekana wala kunusika.

Fedha ilipopungua, mji ulififia. Wachimbaji walikuwa wakikutana na jiwe jeusi, zito, walilolitupa kama takataka. Wajerumani waliliita Pechblende. Na neno Pech lina maana ya lami, tena lina maana ya bahati mbaya. Katika karne ya 19 jiwe hilo lilianza kutumiwa kwa kutengeneza rangi za vioo na vyungu, kwa sababu lina urani. Mabaki yake yalitupwa. Marie Curie na mumewe Pierre, waliogundua poloniamu na radiamu mwaka 1898, waliletewa Paris tani kadhaa za mabaki hayo. Na kutokana nayo Marie alipata, mwaka 1902, sehemu ya kumi tu ya gramu ya chumvi safi ya radiamu. Ndipo ikaanza kufahamika sababu ya wachimbaji kufa mapema: gesi ya radoni, itokayo katika urani, iliwatia saratani ya mapafu.

Ujuzi huo haukuwa kinga. Baada ya vita vya mwaka 1945 wakazi wengi, waliokuwa Wajerumani, walifukuzwa, na urani ikachimbwa kwa ajili ya silaha za Urusi ya Kisovieti. Wachimbaji wa kwanza walikuwa mateka wa vita. Kisha, toka mwaka 1949 hata 1961, maelfu ya wafungwa wa siasa walizungushiwa seng'enge, wakashushwa katika mashimo ambayo hatari yake ilikuwa imekwisha kujulikana. Uchimbaji wa urani ulikoma katika mwaka 1964.

Leo mgeni huonyeshwa kiwanda cha kale cha sarafu, ambacho sasa ni makumbusho. Kanisa la Mtakatifu Yoakimu la karne ya 16. Na hoteli ya Radium Palace iliyofunguliwa mwaka 1912, ambamo wagonjwa wa viungo huogeshwa maji yenye radoni, kwa kipimo cha daktari. Maji hayo hupandishwa kutoka mgodi wa Svornost, uliochimbwa zama za fedha. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza nchi hiyo ya migodi, pande zote mbili za mpaka, katika urithi wa dunia, pamoja na mnara mwekundu wa karibu na Ostrov ambamo wafungwa walisaga na kufungasha mawe ya urani.

Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa mali inunuliwayo vitu. Historia ya Jáchymov yathibitisha ukaribu wa maana hizo mbili, lakini yaongeza ya tatu isiyoandikwa juu ya sarafu yoyote: pumzi ya mchimbaji. Jina la bonde hutajwa kila siku sokoni duniani kote. Majina ya waliolichimba yamebaki chini ya mlima.